Viatu vya mlangoni: uchambuzi wa kisa cha khidma iliyogeuka aibu

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki cha khidma, yaani utumishi wa malezi, kilitokea kwenye madrasa iliyo ubavuni mwa zawiya (nyumba ya ibada) ya Kadiria, mojawapo ya tarika au njia za Kisufi, katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Nilikuwa mmoja wa walimu watatu vijana wa madrasa hiyo, na sehemu ya makosa yanayosimuliwa humu ni yangu. Shekhe wa zawiya na wazazi wa kijana wameridhia kiandikwe ili walimu wengine wakitumie, kwa sharti kwamba asitambulike mtu. Majina yameachwa yote, na baadhi ya mambo ya familia yamebadilishwa kidogo. Maneno yaliyonukuliwa ni kama ninavyoyakumbuka.

Mazingira

Madrasa ina watoto mia moja na ushei. Wengi wanakuja baada ya sala ya Alasiri wakiwa na sare za shule bado mwilini, wanasoma mpaka karibu na Magharibi, halafu wanarudi kwao. Baina ya Magharibi na Isha wanabaki wakubwa kusoma vitabu: Safinatun Najaa kwanza, kisha Risalatul Jamia. Darasa la kuhifadhi Qur'ani lilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja wakati huo. Alhamisi usiku, yaani usiku wa kuamkia Ijumaa, inasomwa Ratibu ya Imamu Haddad, kisha watu wanasimama kwa dhikri. Mgeni anaweza kuuliza Wakadiria wanafanya nini na uradi, yaani dhikri na dua za kila mara, wa Maalawi wa Tarim, watu wa tarika nyingine. Pwani kwetu hilo halimshangazi mtu, tarika zimekaa nyumba moja miaka mingi na zimeazimana vyombo.

Shekhe mwenyewe amevuka miaka sabini. Ijaza yake, yaani idhini ya kufundisha, ameipata kwa mwalimu aliyemlea tangu utotoni, na ukimsikiliza utadhani elimu haikuwahi kupita njia nyingine isiyokuwa ile: kukaa na mtu, kula naye, kumbebea msala, kumwona akikasirika na namna anavyoimeza hasira yake. Masufi wanaiita suhba. Sisi walimu vijana tulikuwa tumetoka vyuo vya ualimu, tunajua kuandaa somo na kujaza rejista. Baina yetu na yeye hapakuwa na ugomvi, ila kila upande uliamini kimoyomoyo kwamba mwingine amekosa kitu.

Palikuwa na mtu mwingine ambaye wakati huo sikumhesabu, nami namtaja sasa kwa makusudi: mvulana wa miaka kumi na mitatu aliyetoka bara, analala chumba cha nyuma ya zawiya, anafagia ua kila alfajiri na kuchota maji ya udhu. Tutamrudia.

Kijana

Kijana wa kisa hiki alikuwa na miaka kumi na minne. Aliletwa chuoni akiwa na saba, na kufikia kumi na tatu alikuwa amehifadhi juzuu zote thelathini za Qur'ani. Sauti yake ilikuwa ya kumsimamisha mpita njia. Mwezi wa Ramadhani alipelekwa kwenye mashindano ya kuhifadhi, akarudi na nafasi ya tatu, fedha kidogo na baiskeli mpya. Mtaa mzima ulimpokea. Tuliipamba madrasa, tukapiga picha, tukamkalisha kiti cha mbele karibu na Shekhe. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyesita.

Dalili zilianza baada ya Idi. Aliacha kufanya murajaa, yaani kurudia alichohifadhi, na wenzake, akasema wanamchelewesha. Imamu alipoteleza kwenye aya sala ya Isha, alimrekebisha, na hilo ni haki yake, lakini alimrekebisha kwa sauti ya kicheko na baada ya sala akalisimulia barazani. Kulikuwa na mtoto wa miaka minane aliyeshindwa kutamka herufi ya dhadi. Akamfanya kichekesho mpaka mtoto akawa anajificha chooni wakati wa kusikilizwa.

Jambo zito zaidi lilitoka kwa mama yake, tena kwa bahati, alipokuja kulipa ada. Nilimpongeza kwa mwanawe. Akasema, "Maalim, Qur'ani anawasomea watu. Nyumbani simsikii. Alfajiri namwamsha mpaka nachoka." Niliitikia kwa heshima, nikaandika stakabadhi. Sikumuuliza neno la pili.

Uamuzi wa kwanza: daftari

Habari za kijana zilipofika kwenye kikao cha walimu, mimi ndiye niliyetoa wazo. Nilisema tatizo si lake peke yake, watoto wote wanasoma bila kujitazama, na Masufi wana neno kwa kazi hiyo: muhasaba, mtu kuihesabu nafsi yake. Hata yule Harith wa Baghdad aliyefariki mwaka 857 aliitwa al-Muhasibi kwa sababu hiyo. Kwa hiyo tuwape kila mmoja daftari lenye jedwali: sala tano za jamaa, istighfari mia, salawati mia, juzuu ya murajaa. Aweke alama kila siku, mwalimu atie saini Jumamosi, na mwisho wa mwezi mwenye daftari zuri apewe kofia.

Sababu yangu ilikuwa ya kweli. Nilitaka malezi ya roho yawe kitu kinachoonekana, kisichotegemea jicho la Shekhe peke yake, maana Shekhe anazeeka. Shekhe alilitazama lile jedwali muda mrefu, akauliza, "Na anayedanganya anaweka alama wapi?" Tukacheka. Akaturuhusu.

Wiki ya tatu madaftari yote yalikuwa yamejaa. Watoto wa miaka tisa walikuwa hawakosi sala ya Alfajiri ya jamaa hata siku moja, na imamu wa Alfajiri alikuwa anaswalisha wazee watano na popo. Jumanne moja nilikagua bila taarifa, nikakuta daftari lililokwisha kujazwa mpaka Alhamisi. La kijana wetu lilikuwa bora kuliko yote, limepigwa mistari kwa rula na wino wa rangi mbili. Kofia ilikuwa yake kwa vigezo vyetu vyote. Tukaliacha zoezi likafa bila kutangaza.

Uamuzi wa pili: khidma ya siku arobaini

Hapo Shekhe akalichukua jambo mikononi mwake. Aliamua kijana akae siku arobaini bila kusoma mbele ya watu, si kwenye maulidi, si kwenye darasa, si kwa mgeni. Kwa muda huo ajaze pipa la maji ya udhu kila jioni, na usiku wa dhikri akae mlangoni apange viatu.

Sababu zake alitueleza vizuri. Mwalimu wake mwenyewe alimfanya mbeba buli la kahawa kwa mwaka mzima alipoanza kuringia sauti yake, naye hajasahau mpaka leo nini kile buli kilimfanyia. Tena jambo lina asili kwenye vitabu. Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa zamani, katika kitabu cha kuizoeza nafsi ndani ya Ihya Ulumid Din, anaeleza kwamba shekhe akimwona muridi, yaani mwanafunzi wa njia ya Kisufi, ana kibri humwamuru aende sokoni akaombe, na mwenye kujipenda kwa mwili na nguo humpa kazi ya kusafisha vyoo, kufagia mahali pachafu na kukaa jikoni. Maradhi hutibiwa kwa kinyume chake. Shekhe aliona amechagua dawa nyepesi kabisa kwenye kabati hilo.

Tulikubali. Hakuna aliyeuliza kama wazazi wameambiwa. Wala hatukuuliza jambo litatangazwa vipi, na hapo ndipo lilipoharibika.

Alhamisi hiyo, kabla ya Ratibu, Shekhe alitoa darsa fupi. Alisoma hadithi ya Abu Hurayra iliyomo kwenye Sahih Muslim juu ya watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni msomaji wa Qur'ani atakayeambiwa: ulisoma ili watu waseme wewe msomaji, na wameshasema. Alipofika hapo alimtazama kijana. Zawiya yote ikamtazama. Kisha akasema kwa upole kabisa, na upole wake ulikuwa wa kweli, "Mwanangu fulani kuanzia leo ni khadimu wenu. Muombeeni." Watu wakaitikia amin.

Siku tisa

Kijana alitii. Siku ya kwanza na ya pili alijaza pipa bila neno. Walimu tukaambiana dawa inafanya kazi.

Usiku wa dhikri uliofuata nilikuwa ndani, sikuona kilichokuwa kikiendelea mlangoni. Nilikuja kukisikia baadaye. Wale aliowacheka walikuwa wanavua viatu kwa kuvirusha, kimoja huku kimoja kule, wanamwita "Bwana Kariri, kiatu changu!" Mmoja alitoka na kuingia mara nne. Mtu mwenye simu akamrekodi ameinama, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, chini yake ameandika maneno ya utani ambayo sitayarudia.

Siku ya tisa akaja baba yake. Ni mtu mpole, mfanyabiashara mdogo, mwenye kumbusu Shekhe mkono kila Ijumaa. Siku hiyo hakumbusu. Alisimama kwenye kizingiti, viatu miguuni.

"Shekhe, shikamoo. Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Marahaba, mwanangu. Ingia kwanza."

"Siingii. Nilimleta hapa asome. Kama ana kosa ungeniita mimi babake. Mwanangu si mtumwa wa mtu."

Shekhe alinyamaza. Nilidhani ananyamaza kwa hekima. Baadaye aliniambia alinyamaza kwa sababu neno lile lilimchoma asipate la kujibu.

Kijana akaondoka. Wiki iliyofuata familia nyingine mbili zikawatoa watoto wao, na hao hawajarudi hata leo.

Uamuzi wa tatu: Shekhe anatoka

Kwa wiki tano kijana hakugusa msahafu. Mama yake alituletea habari kupitia jirani: anakaa chumbani, akisikia adhana anaongeza sauti ya redio.

Sisi walimu tulipendekeza ujumbe wa wazee, na sukari na kilemba kwa baba, mambo yanavyofanywa. Shekhe akakataa. Alikwenda peke yake, siku ya kazi, saa ya mchana isiyo na wageni. Alimwomba radhi baba, na akaomba mama aitwe naye asikie. Hakueleza sababu zake wala hakutaja kitabu. Kijana hakutoka chumbani.

Akaenda tena wiki ya pili. Kijana alitoka, akampa mkono, akarudi ndani.

Mara ya tatu Shekhe alimwambia jambo jingine kabisa. Macho yake yamepungua nguvu, maandishi ya msahafu yanamchezea, na baada ya Alfajiri anapenda kupitia nusu juzuu lakini hana wa kumsikiliza. Je, anaweza kuja kumshikia msahafu? Si kusoma. Yeye Shekhe ndiye atakayesoma kwa moyo, kijana afuatilie kwa macho na kumrekebisha anapokosea. Chumba cha pembeni, mlango wazi, na upande wa pili wa mlango wazee wawili wanaoleta uradi wao hapo kila siku. Baba ajue, mama ajue, asijue mwingine.

Kijana alikuja siku ya tatu yake, akiwa amechelewa.

Nilimuuliza Shekhe kama ile habari ya macho ilikuwa hila ya malezi. Akacheka mpaka akakohoa. "Macho mabovu kweli, bwana wee! Ila nimeyapata kwa wakati wake."

Kilichotokea chumbani mle nakijua kwa sehemu tu, na nadhani ni sawa niwe najua sehemu. Najua kwamba Shekhe alikosea, mara nyingi kuliko nilivyotarajia kwa mtu wa hadhi yake, na kila anaporekebishwa alisema "Allah akulipe" na kuirudia aya tangu mwanzo. Najua kwamba siku ya ishirini hivi kijana alirekebisha mahali ambapo Shekhe hakukosea, wakabishana, wakafungua msahafu mwingine, na kijana akawa ndiye aliyekosea. Juzuu zake nne zilikuwa zimelegea katika zile wiki za ghadhabu. Alilia. Baada ya hapo wakawa wanasomeana kwa zamu.

Hali ilivyo sasa

Miezi saba imepita tangu siku ile ya baba kizingitini. Kijana amerudi kwenye darasa la kuhifadhi. Sala ya Alfajiri anaiswali jamaa, kwa sababu kazi yake inaanza hapo. Mdomo wake bado mkali. Wiki iliyopita tu nimemkemea kwa neno alilomtupia mwenzake. Yule mtoto wa dhadi alihamishiwa kwa mwalimu mwingine na sasa anasoma, lakini kijana hajawahi kumwomba radhi, na hatujamlazimisha. Video ile imesambaa na haifutiki. Baba anataka mwanawe arudi kwenye mashindano Ramadhani ijayo. Kijana hajajibu.

Uchambuzi: ukurasa uleule, mistari miwili

Baada ya mambo kutulia, Shekhe aliufungua mwenyewe mlango ule wa Ihya katika darasa la walimu. Sikuwahi kumwona akisoma vile, kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye. Kwani kitabu kilekile kinachotaja dawa ya kumtuma mwenye kibri sokoni, kinasema pia kwamba tabibu akiwatibu wagonjwa wote kwa dawa moja atawaua wengi wao, na shekhe vivyo hivyo lazima atazame maradhi ya muridi, hali yake, na umri wake. Ukisogea mbele kidogo, humohumo, kuna fasili nzima juu ya watoto. Mtoto ni amana kwa wazazi wake na moyo wake ni johari safi. Akifanya jambo baya mara moja, inafaa ufumbe macho, usimpasulie sitara, hasa kama mwenyewe analificha. Akirudia, akaripiwe kwa siri. Na baada ya masomo aruhusiwe kucheza mchezo mzuri, maana kumnyima mchezo na kumchosha kwa elimu daima kunaua moyo wake.

Sisi tulikuwa na mtoto wa miaka kumi na minne, tukamtibu kwa ukurasa wa muridi. Muridi ni mtu mzima aliyekuja kwa miguu yake, akatoa mkono, akasema nilee. Kijana huyu aliletwa akiwa na miaka saba, hakumwomba mtu amtibu nafsi. Tofauti hiyo haikutupitia akilini kwa sababu vyote viwili, madrasa na zawiya, viko chini ya bati moja, na Shekhe ni yuleyule.

Katika mlango wa elimu wa kitabu hichohicho Ghazali anahesabu kazi za mwalimu, na mojawapo ni kumzuia mwanafunzi na tabia mbaya kwa kumgusia, si kwa kumtamkia wazi, kwa sababu kumtamkia wazi kunapasua pazia la haiba na kumpa ujasiri wa kuasi. Shekhe alidhani amegusia: alisoma hadithi tu. Lakini jicho lilitamka. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa riyaa, kufanya kwa ajili ya kuonwa. Sisi tukampandisha jukwaani ili tumponye na jukwaa. Alipokuwa anasoma alionwa, alipokuwa anapanga viatu alionwa zaidi. Kwa mizani hiyo uamuzi wa pili haukuwa tofauti sana na daftari langu. Mimi nilimpa jedwali la kujionesha, Shekhe akampa mlango.

Kuhusu buli na viatu

Lakini lile buli la kahawa lilimfaa Shekhe, na hilo linahitaji maelezo. Nilimuuliza maisha yake yalikuwaje mwaka ule. Alikuwa analala nyumbani kwa mwalimu wake. Alikula sinia moja naye. Usiku mwalimu akiugua, yeye ndiye aliyemkanda miguu. Yeye akiugua, mke wa mwalimu ndiye aliyemchemshia uji. Buli lilikuwa sehemu ndogo ya mapenzi makubwa. Kijana wetu alimwona Shekhe kwa saa moja na nusu kwa siku, akiwa mmoja wa mia moja. Tulichukua adhabu ya nyumba ile tukaiacha nyumba.

Ndiyo maana naona kilichoponya baadaye ni suhba, iliyopatikana kwa nusu saa ya alfajiri. Kazi ya kushika msahafu nayo ni khidma. Tena ni khidma ngumu, kuamka gizani kila siku kumtumikia mzee. Ila ndani yake mzee anakosea mbele ya mtoto. Buli halikuwahi kuwa na hilo, na nadhani Shekhe alipata kitu hata yeye.

Jambo jingine ni neno la baba. "Mwanangu si mtumwa wa mtu." Walimu wenzangu walilichukulia kama hasira ya mzazi. Pwani, neno hilo lina miaka. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar 1897 na Tanganyika 1922. Kuna watu walio hai waliolelewa na bibi waliokumbuka nani alifagia ua wa nani. Neno khadimu tunalolitamka kwenye tarika kwa maana ya heshima, sokoni lilikuwa na maana nyingine. Na ajabu ya tarika hizi ni kwamba ndizo zilizowafungulia mlango wale waliofungiwa kwingine. Bagamoyo, Shekhe Ramiya aliletwa akiwa mtoto mtumwa kutoka bara, akasoma, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa Kadiria na mwanachuoni mkubwa wa mji mpaka alipofariki 1931. Lamu, Habib Saleh, mwanzilishi wa msikiti wa Riyadha, aliwasomesha watu ambao wakubwa wa mji hawakutaka kukaa nao darasa moja. Kwa hiyo tulikuwa na kila sababu ya kujua uzito wa kumwambia mtu, mbele ya mji, huyu ni mtumishi wenu. Familia ya kijana inatoka upande gani wa historia hiyo sitasema, na haihitaji kusemwa.

Kuhusu mama

Mama ndiye aliyetoa utambuzi sahihi wa kwanza, kwa sentensi tatu, akiwa amesimama na noti za ada mkononi. Kama ningemkalisha tu, tungejua kwamba kijana haamki Alfajiri kwa sababu usiku anasikiliza rekodi zake mwenyewe kwenye simu, tena na tena, akihesabu waliozipenda. Nililijua hilo baada ya miezi mitano. Kwenye mfumo wetu mama ni mlipaji na baba ni mwakilishi. Wanaoulizwa juu ya roho ya mtoto ni wanaume wasiomwona akiamka. Sasa kila mwanafunzi wa kuhifadhi anapoingia, mmoja wa walimu wa kike wa darasa la wasichana anakwenda kuzungumza na mama. Hana fomu wala hajazi kitu, nimekatazwa kutengeneza fomu.

Yule anayefagia

Nilisema tutamrudia mvulana wa chumba cha nyuma. Katika kisa chote yeye ndiye aliyekuwa akifanya khidma kila siku. Kijana alipopewa pipa la maji, huyu alipumzika siku tisa. Alipoondoka, akalirudia pipa, na hakuna aliyelitaja jambo hilo kwenye kikao chochote. Hakuna aliyemwita mtumwa na hakuna aliyesema anatibiwa kibri. Alikuwa anafagia tu, kwa kuwa kwao ni mbali na hana baba wa kuja kusimama kizingitini.

Mwalimu mmoja alitetea kwamba ndiyo baraka yenyewe, mtoto anatumika kwa ikhlasi bila kuonwa. Labda. Lakini nilipotazama rejista nilikuta kwamba katika mwaka ule alikuwa amehifadhi juzuu mbili, wakati wenzake wa umri wake wako kwenye ya saba, ya nane. Saa ya kufagia na kuchota ndiyo saa ya murajaa ya wengine. Nilimpelekea Shekhe ile rejista. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, rejista yangu ilimnyamazisha.

Sasa maji yanachotwa kwa zamu, walimu ndani, na jina la Shekhe limo Jumapili ingawa watu humpokonya ndoo. Mvulana amepewa saa yake baada ya Alasiri. Ua bado anaufagia yeye. Tulimwambia aache, akasema ua ni wake, na asubuhi iliyofuata tukamkuta ameamka mapema zaidi ili tusimzuie. Amefika juzuu ya nne. Nusu saa ya Alfajiri anakaa na ufagio nje ya mlango ule ulio wazi, anasikiliza wawili wale wakirekebishana, na juzi kijana alipokwama kwenye Suratul Kahf, jibu lilitokea uani.